Mbwa Akiuma Mtu Mtaani: Tuliyojifunza kwa Gharama Yetu

Saa moja asubuhi mbwa alimuuma mtoto usoni, chini ya jicho. Baada ya muda akamuuma mwingine kwenye shavu la mguu, kisha akamparura mama muuza mandazi aliyejaribu kumfukuza kwa mwiko. Kabla ya saa nne alikuwa ameshapigwa mawe, kichwa kimesagika, mzoga umeburutwa hadi shimoni nyuma ya machinjio. Watu wakarudi kwenye shughuli zao. Kazi yetu ya miezi sita ya kupambana na kichaa cha mbwa ilianzia kwenye lile shimo.

Mji wenyewe ni mdogo, uko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye barabara ya kwenda Koboko, mahali ambapo Mlugbara, Mnubi, Mkakwa na mfanyabiashara kutoka Kongo wote wanaelewana kwa Kiswahili. Haya tunawaandikia wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji), walimu, masheikh na yeyote ambaye siku moja atagongewa mlango kuambiwa kuna mbwa kauma mtu.

Kwanza usisubiri gari la mbwa. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mbwa wazururaji, na mbwa aliyekamatwa hukaa siku 7 akimsubiri mwenyewe. Kwetu mbwa wako mikononi mwa daktari wa mifugo wa wilaya na msaidizi wake wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), na hao hao ndio wanaokagua nyama machinjioni, kuchanja ng'ombe na kuandika vibali vya kusafirisha mifugo. Siku ya mnada huwapati. Halafu kuna mgawanyiko ambao mwananchi hauoni mpaka umkwamishe: mtu aliyeumwa ni wa Wizara ya Afya, mbwa aliyeuma ni wa Wizara ya Kilimo. Nesi hajui mbwa yuko wapi, na daktari wa mifugo hajui ni nani wamelazwa. Dawa yake ni karatasi mbili. LC1 aandike barua moja kwa mganga na nyingine kwa daktari wa mifugo, zote zikiwa na tarehe ya kuumwa, majina ya walioumwa, mwenye mbwa ni nani, mbwa yuko hai au amekufa, na namba za simu za pande zote mbili. Sisi tulianza kuandika barua hizo kwenye tukio la pili. La kwanza tulilimaliza kwa mdomo, na habari ilipofika wilayani ilikuwa ya fisi.

Jeraha haliwezi kusubiri barua. Linaoshwa hapo hapo, kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wengi huosha dakika mbili, wakiona damu imekoma wanaacha. Njia tuliyoishia kuitumia ni jerikeni ya lita 20: mmoja anaiinamisha maji yatoke mchirizi mwembamba, mwingine anapaka sabuni na kusugua hadi ndani ya tundu la jino. Mchirizi ukiwa wa kiasi, jerikeni moja inaisha karibu na muda huo huo, hivyo hata asiye na saa ana kipimo. Sabuni ya mche ya kufulia inafaa kabisa, kwa sababu virusi vya kichaa vina ganda la mafuta na sabuni hulivunja. Ukimaliza, paka iodini au spiriti. Jeraha lisishonwe haraka, maana sindano ya kushonea huvisukuma virusi ndani zaidi. Likilazimu kushonwa, kama lile la usoni, mganga ndiye anayeamua, na hufanya hivyo baada ya dawa kuingizwa kwenye jeraha.

Yule mtoto wa mguuni hakuoshwa. Alipakwa mafuta ya taa, kisha akafungiwa jiwe la nyoka, lile jeusi linalosemekana kunyonya sumu. Jiwe hunata kwenye jeraha bichi kwa sababu linafyonza unyevu, basi. Wakati limenata, maji na sabuni havifiki.

Na kwa kuwa mtaa wetu una Waislamu wengi, swali la udongo lilizuka. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sheikh wa msikiti mdogo alilimaliza mwenyewe kwa kipaza sauti baada ya alasiri: hiyo ni hukumu ya chombo, na jeraha la mtoto si chombo. Tangu siku ile hatukuona tena udongo kwenye kidonda. Tungetuma nesi aseme maneno yale yale, tungebishana hadi leo.

Hospitalini wataligawa tukio katika daraja tatu, na ni vizuri ujue la kwako kabla hujafika. Daraja la kwanza: umemgusa mbwa, au amekulamba kwenye ngozi nzima. Hakuna sindano. La pili: mchubuko au mparuzo usiotoa damu, ndio uliompata mama wa mandazi. Huoshwa na kupewa chanjo. La tatu: jino limetoboa ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni. Hapo chanjo inaambatana na imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, inayochomwa kuzunguka jeraha na ndani yake ili ilinde wakati mwili bado unajitengenezea ya kwake. Sisi tulihesabu walioathirika watatu. Wa nne tulimsahau: kijana aliyeuburuta mzoga kwa mikono mitupu, siku mbili baada ya kujikata vidole na panga. Alikuja kukumbukwa siku ya tano, na mama yake. Kwa hiyo orodha isiishie kwa walioumwa. Uliza nani alimshika, nani alimpiga akarukiwa na mate au damu usoni, nani alimchuna. Ndiyo, wapo wanaochuna.

Sasa gharama. Kwenye vituo vya serikali chanjo hutakiwa itolewe bure, lakini ghala likiwa tupu utaandikiwa ukanunue duka la dawa, na hapo ndipo familia zinapoanza kuuza mbuzi. Kabla ya kupanda boda piga simu uulize mambo mawili: chanjo ipo leo? Imunoglobulini ipo? Sisi tuliwapeleka watoto kwenye kituo cha kwanza tulichokijua, tukarudishwa, nusu siku ikapotea. Jambo lingine ambalo watu hawaliulizi ni ratiba. Ratiba ya zamani ya sindano ya msuli ina dozi 5: siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Ipo nyingine ya dozi 4 kwa safari tatu: mbili siku ya 0, moja siku ya 7, moja siku ya 21. Na ipo ya kuchoma kwenye ngozi, mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2018. Boda ya kwenda na kurudi kwetu ilikuwa shilingi 20,000, mtoto na mzazi wake. Safari tano ni 100,000, tatu ni 60,000, na hujahesabu siku ya soko iliyopotea. Muulize mganga kwa adabu kama ratiba fupi inawezekana. Wengine wanaijua ila hawajaombwa.

Ratiba ya ngozini ina faida moja zaidi iwapo walioumwa ni wengi. Chupa ya mililita 0.5 ambayo kwa msuli humhudumia mtu mmoja, ngozini inawatosha wawili, lakini ikishafunguliwa lazima itumike ndani ya saa chache. Basi wapelekeni wote siku moja, asubuhi moja. Wakienda mmoja mmoja kila mtu na siku yake, nusu chupa inamwagwa kila safari.

Imunoglobulini hupimwa kwa uzito. Ile ya binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo, ya farasi ni 40. Mtoto wa kilo 20 anahitaji yuniti 400 za ya binadamu au 800 za ya farasi. Haitakiwi kurudiwa, na baada ya siku 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo haina kazi tena. Mtoto wa usoni aliipata siku ya tatu. Usoni ni karibu na ubongo, virusi havina mbali pa kusafiri, hivyo kama chupa ni moja na watoto ni wawili, wa usoni kwanza.

Kosa la kumuua mbwa lilitugharimu kuliko mafuta ya taa, kuliko boda, kuliko vyote. Mbwa aliyeambukizwa anaanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hufa haraka. Ndiyo maana akifungwa siku 10 tangu alipouma na akabaki mzima, anakula, anabweka, anajua jina lake, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa. Aliyeumwa anaanza chanjo siku ile ile bila kungoja, ila siku ya kumi ikipita salama mganga anaweza kuikatisha. Sisi tulikuwa na mzoga wenye kichwa kilichosagwa. Hakuna wa kumtazama, hakuna ubongo wa kupima. Watu wanne wakalazimika kumaliza dozi zote, na wazazi wao wakalala wiki nne wakisikiliza pumzi za watoto. Inawezekana mbwa yule alikuwa na hasira tu. Ukweli hatukuujua mpaka wiki ya saba.

Kati ya siku ile na wiki ya saba tulifanya jambo moja sahihi, tena kwa kubahatisha. Msaidizi wa mifugo alituambia tutafute mbwa wengine walioumwa na yule aliyekufa. Tulipita nyumba kwa nyumba tukapata wanne. Mbwa asiye na chanjo aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa anatakiwa auawe na mtaalamu, au afungwe mbali na watu kwa miezi kadhaa. Sisi tulishika miezi 6. Wenye mbwa wawili walikubali wauawe. Wa tatu akafunga wake. Wa nne, mzee mmoja fundi baiskeli, alikuwa na mbwa wa ulinzi anayeitwa Polisi, na akakana kabisa kwamba aliumwa, ingawa kovu lilionekana sikioni. Alihofia kudaiwa gharama za hospitali za watoto wa wenzake. Hofu hiyo ndiyo inayoua udhibiti wa mbwa huku kwetu. Mwenye mbwa akijua ataanza kupigwa au kutozwa, anamfukuza mbwa usiku na kusema si wangu, na hapo umepoteza mbwa na taarifa. Mwenyekiti alimwendea mwenyewe, akakaa naye kwenye benchi lake la ufundi, akamwambia: "Mzee wangu, hatujaja kudai. Tunataka mnyororo tu." Akamfunga.

Kumfunga mbwa wa kutazamwa kuna namna yake. Mnyororo, kamba hapana, kwa sababu kamba huliwa. Urefu wa mita mbili hivi, ukipigwa kwenye mti au nguzo isiyong'oka, mahali pa kivuli, ndani ya ua, pasipo njia ya watoto. Chora mstari wa majivu chini mita moja zaidi ya pale anapofika, watoto wauone. Chakula na maji kwenye bakuli zito, lisukumwe kwa fimbo ndefu, na fimbo hiyo isitumike kwa kazi nyingine. Mtu mmoja mzima apewe jukumu, na kila jioni aandike mistari mitatu: amekula? amekunywa? anamtambua mwenye nyumba? Asichanjwe ndani ya siku hizo kumi, maana akiugua utachanganya mambo. Asiuzwe, asipelekwe kijiji kingine, asichinjwe.

Dalili wengi wanazozingoja ni povu na ukali. Huja, lakini si kwa kila mbwa. Ya kwanza huwa ni tabia kugeuka: mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kupita kiasi, wa nyumbani anazurura, anauma mawe na vijiti, sauti inakwama kama ya jogoo mdogo. Aina ya pili ni ya kupooza, na ndiyo inayotutisha sisi. Taya la chini linalegea, mdomo unabaki wazi, mate yanachuruzika, mbwa anajaribu kumeza hawezi. Ukimwangalia utaapa amekwamwa na mfupa kooni. Mwenye huruma anaingiza mkono kuutoa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Polisi, wiki ya saba, siku ya Jumanne. Kijana wa fundi aliuvuka mstari wa majivu na kuingiza vidole viwili kinywani mwa mbwa. Aling'atwa kidogo, bila ukali, kama mbwa anavyotafuna. Safari hii mambo yalikwenda tofauti. Kijana aliwekwa chini ya jerikeni papo hapo, simu ikapigwa kabla ya boda, na vijana wawili wa LC1 wakasimama getini kuwazuia wenye mawe. Polisi alikuwa kwenye mnyororo, kwa hiyo orodha ya walioumwa ilikuwa na jina moja. Alikufa siku ya nne.

Mbwa akifa ndani ya zile siku kumi, usizike. Mwite daktari wa mifugo, na mwenye kushika mzoga awe na glavu nzito, kinga ya macho na gauni au koti la mvua. Kinachohitajika ni ubongo. Kichwa hukatwa na mtaalamu, au sampuli inatolewa kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya fuvu pale uti wa mgongo unapoingilia, bila kulipasua fuvu. Shoka halifai kabisa: linarusha vipande hewani. Kichwa kinatiwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, kila mmoja unafungwa peke yake, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na barafu. Baridi inatosha, kisigande. Nje lebo yenye tarehe, mahali, aina ya mnyama na idadi ya watu walioumwa. Kutoka kwetu hadi maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama iliyo Entebbe ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na kwa joto la Pakwach ubongo usio na barafu unaharibika kabla ya kufika Karuma. Ndoo ilisafiri kwa utaratibu wa ofisi ya wilaya, na barua yake. Usimpe kondakta wa basi ukamwambia ni nyama. Jibu lilirudi: kichaa kipo. Kwa hiyo, baada ya wiki zote hizo, mbwa wa kwanza aliyemuuma Polisi naye tukamjua.

Baada ya jibu hilo mji ulitaka sumu. Baraza lilijaa, na hoja ilikuwa fupi: nyama itiwe strikinini, mbwa wote wafe, amani irudi. Imefanyika sana Uganda na kwingine, na tunaelewa kwa nini inavutia, kwani inaonekana ni kazi. Lakini strikinini hukakamaza misuli ya mnyama akiwa na fahamu zake zote mpaka ashindwe kupumua. Nayo haichagui. Anayeila kwanza ni mbwa wa nyumbani asiyeogopa harufu ya mtu, mara nyingi yule yule aliyechanjwa. Aliyezoea kujificha anabaki. Tai na nguruwe wanaokota mabaki, na mtoto naye anaweza kuokota. Kisha ua uliobaki bila mbwa unajazwa: jike hushika joto karibu mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, na chakula kipo. Ndani ya mwaka mtaa una mbwa wale wale kwa idadi, ila wote ni vijana na hakuna aliyechanjwa.

Chakula ndicho kinachoamua idadi ya mbwa wa mtaa. Kwetu kilikuwa kwenye lile shimo la machinjio, lisilo na uzio. Mabati kumi na tatu yaliyochakaa, nguzo, na sharti kwamba matumbo yafukiwe kabla ya saa sita mchana, vilipunguza mbwa wa pale kuliko ambavyo risasi yoyote ingefanya. Hili halikuhitaji wataalamu wala wafadhili. Tuliligundua mwezi wa tatu, na lilikuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza.

Chanjo ya mbwa ndiyo inayokikata kichaa, na kipimo kinachotumika duniani ni asilimia 70 ya mbwa wote, kila mwaka. Chini ya hapo ugonjwa unapata njia. Tulidhani kazi ni kupata chanjo. Kazi ni kumleta mbwa kwenye sindano.

Siku tuliyoichagua mara ya kwanza ilikuwa ya soko. Wanaume walikuwa sokoni, wanawake sokoni, na waliobaki nyumbani kuleta mbwa walikuwa watoto wa miaka saba wenye kamba za katani. Mbwa hawakuwahi kufungwa kamba maishani mwao. Walijitupa chini, wakaburutwa, wakafika wamechanganyikiwa, na walipokutana kwenye foleni wakapigana. Mtoto mmoja aliumwa hapo hapo, kwenye kituo cha chanjo. Tulifunga kituo saa tano tukiwa tumechanja wachache kuliko tulioandikisha.

Mara ya pili tulibadilisha karibu kila kitu. Siku ikawa Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano, kabla jua halijawa kali. Tangazo lilitoka msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili iliyotangulia, na shuleni siku zote tano, na ujumbe ulikuwa: mfunge mbwa wako Jumamosi usiku, asubuhi aje na mtu mzima. Wiki nzima kabla, watu waliambiwa wamzoeshe kamba kwa nusu saa kila jioni wakati wa kula. Kituo kiliwekwa chini ya mwembe, na njia ya kuingia ikawa tofauti na ya kutoka. Tulipiga vigingi chini kila hatua tano, mbwa mmoja kwa kila kigingi, hakuna anayemfikia mwenzake. Asiyeweza kuletwa alifuatwa nyumbani mchana.

Mshikaji ni mwenye mbwa mwenyewe, mchanjaji asimshike. Mwenye mbwa anamweka katikati ya miguu yake, amegeuka naye upande mmoja, mkono mmoja nyuma ya masikio, mwingine chini ya taya. Kwa mbwa asiyeaminika tunatumia kitambaa cha bendeji cha mita moja na nusu: unatengeneza kitanzi, unakipitisha kwenye pua kwa juu, unakivuta, unazungusha ncha chini ya taya, kisha unazifunga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka upesi. Asikae nacho muda mrefu, kwani mbwa hupoza mwili kwa kuhema na mdomo uliofungwa humpandisha joto. Sindano ni mililita 1 chini ya ngozi ya bega au kwenye msuli wa paja, kila mbwa na sindano yake. Hesabu zidisha kidogo, maana zingine hupinda.

Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kinyume na hofu ya wengi, iliyotuharibikia haikuharibiwa na jua, iliganda. Tuliilaza chupa moja kwa moja juu ya pakiti za barafu zilizotoka kwenye jokofu la kugandisha. Sasa tunaziacha pakiti nje mpaka zianze kutoa jasho, tunaweka gazeti lililokunjwa katikati, na kipimajoto ndani ya boksi. Chupa ya dozi 10 ikifunguliwa inaisha siku hiyo hiyo, hivyo usifungue mpya saa tano kasorobo kwa ajili ya mbwa mmoja. Mwandike, umfuate mchana pamoja na wengine.

Watu huwaacha nyumbani watoto wa mbwa na majike yenye mimba. Wote wanachanjwa. Kwa kawaida mtoto wa mbwa huanzia miezi mitatu, lakini kwenye kampeni ya mtaa mzima hata mdogo zaidi anaingia, kwa sababu hao ndio wengi, ndio wanaochezewa na watoto, na mwakani ndio watakaokuwa mbwa wa mtaa. Wachanjaji nao wachanjwe kabla: dozi za kinga siku ya 0 na ya 7.

Kila aliyechanjwa tulimpaka alama ya rangi ya mifugo kati ya mabega. Kesho yake alfajiri, saa kumi na mbili, watu wawili walitembea njia zote za mtaa na daftari: mwenye alama, asiye na alama. Ukihesabu mbwa 40 na wenye alama ni 24, una asilimia 60, rudi. Zoezi hili halina gharama na linaumbua takwimu za mezani. Daftari la chanjo lilituonyesha tumefanya vizuri. Njia ya machinjio ilituonyesha kundi zima ambalo hakuna aliyeliandika, kwa kuwa kila nyumba ilidhani ni la nyumba nyingine.

Halmashauri za mitaa zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na yetu sasa ina kurasa mbili: mbwa aandikishwe, afungwe mchana, achanjwe kila mwaka, akiuma asiuawe wala kuhamishwa. Adhabu ipo ila haijatumika. Kinachosaidia zaidi ni daftari lenyewe, lililoko kwa katibu wa LC1, lenye jina la mbwa, rangi, jinsia, tarehe ya chanjo, na safu ya mwisho: nani anamlisha. Hiyo safu tuliiongeza baada ya kuona kwamba swali la "mbwa huyu ni wa nani" linawafanya watu waangalie juu, ila ukiuliza "anakula wapi" wanakuonyesha mlango.

Mwezi wa sita uliisha. Watoto wote wazima, na kijana wa fundi anaendesha baiskeli. Mbwa wa tatu, yule wa mnyororo wa muda wote, amefunguliwa na kuchanjwa. Kundi la machinjio limebaki mbwa watatu, wamekamatwa kwa wavu na wana alama ya bluu mgongoni. Kwenye safu ya mwisho limeandikwa jina la mchinjaji. Alibisha kwanza, akisema yeye ni Mwislamu na hafugi mbwa. Akaambiwa daftari haliulizi anayefuga. Akacheka, akatia dole gumba.